Mvuke Ndio Unaowaka: Vipimo vya Moto na Milipuko Vitazamwapo Kutoka Rusizi I

Kimiminika chenyewe hakiwaki. Petroli iliyo ndani ya dumu, mafuta ya taa yaliyo ndani ya koroboi na dizeli iliyo ndani ya tangi la lori, vyote hivyo havishiki moto vikiwa majimaji. Kinachoshika moto ni mvuke unaopanda juu ya uso wa mafuta na kuchanganyika na hewa kwa kiasi maalumu, si pungufu wala si zaidi. Juu ya jambo hili moja umejengwa utafiti wa miaka zaidi ya 200 kuhusu usalama wa vitu vinavyowaka na vinavyolipuka, na kwa jambo hilo huelezwa kwa nini dumu la petroli linalodhaniwa kuwa tupu huweza kuua upesi kuliko lililojaa, kwa nini koroboi iliyotumika miaka mingi bila madhara hulipuka usiku mmoja, na kwa nini mafuta yaliyomwagika barabarani huweza kuangamiza kijiji.

Ni mahali pachache ambapo jambo hilo linahitaji kueleweka kama katika mpaka wa Rusizi I, pale ambapo mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kuanza safari yake kwenda Tanganyika, na daraja fupi huunganisha Kamembe, katika wilaya ambayo wengi bado huiita Cyangugu, na mji wa Bukavu ulio ng'ambo. Wavukao hapo kwa miguu, wachuuzi na wanafunzi, wapagazi na akina mama wenye mizigo kichwani, huchukua pamoja na bidhaa zao Kinyarwanda, Kimashi, Kifaransa na Kiswahili, na katika mchanganyiko huo wa lugha limo tatizo la usalama ambalo halijapewa uzito unaostahili. Mnyarwanda husema lisansi akikusudia mafuta ya pikipiki na gari dogo, mazutu akikusudia dizeli, na peteroli akikusudia mafuta ya taa. Mkongo wa Bukavu, aliyepokea maneno ya Kifaransa, husema esanse, mazutu na petroli kwa mpangilio uleule. Lakini Mtanzania au Mkenya asemapo petroli anakusudia ile lisansi ya Mnyarwanda. Neno moja, likitamkwa karibu kwa sauti ileile pande zote, hutaja mafuta mawili ambayo, kwa kipimo kitakachoelezwa hivi punde, yameachana kwa nyuzi joto zipatazo 80. Katika makala haya petroli ni lisansi, na mafuta ya taa yatatajwa kwa jina lake kamili.

Kipimo hicho huitwa joto la mmweko, maana yake ni halijoto ya chini kabisa ambapo kimiminika hutoa mvuke wa kutosha kuwaka kwa mmweko wa ghafla kinapokaribiwa na mwali mdogo. Uingereza ilikiingiza katika sheria yake ya mafuta ya mwaka 1879, ikitumia chombo kilichobuniwa na mkemia Frederick Abel, kwa sababu mafuta ya taa ya wakati huo yalikuja na mabaki ya mafuta mepesi ndani yake, na taa zililipuka majumbani. Wajerumani Berthold Pensky na Adolf Martens walitoa chombo kingine, ambacho kwa umbo lililoboreshwa kingali kinatumika duniani kote kupima dizeli na mafuta mazito.

Kazi ya chombo hicho yafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hakuna fumbo ndani yake. Kikombe cha shaba hujazwa mafuta hadi kwenye alama iliyochorwa kwa ndani, kikafunikwa kwa kifuniko chenye kipimajoto, pangaboi dogo la kukorogea, na kidirisha kinachofunguka na kufunga. Mafuta hupashwa joto polepole, nyuzi 5 au 6 kwa dakika, na kila joto linapopanda kwa digrii moja mpimaji husimamisha pangaboi, hufungua kidirisha na kutumbukiza kwa nukta moja tu mwali usiozidi punje ya choroko. Digrii baada ya digrii hapatokei kitu, kisha ghafla mwali wa rangi ya buluu hutambaa juu ya uso wote wa mafuta na kuzimika hapo hapo. Mpimaji husoma kipimajoto, huandika namba, halafu husoma pia kipimo cha kanieneo ya hewa, jambo ambalo mgeni wa maabara angeweza kulidhani kuwa la ziada.

Petroli haipimwi kwa kupashwa joto bali kwa kupozwa, kwa sababu joto lake la mmweko ni takriban nyuzi 40 chini ya sifuri. Hivyo hakuna usiku wa Kamembe, wala wa mahali popote Afrika ya Mashariki, ulio baridi kiasi cha kuizuia kutoa mvuke wa hatari. Mafuta ya taa yenye ubora hayamweki kabla ya nyuzi 38, na dizeli kwa kawaida hungoja hadi ipite nyuzi 50. Ndiyo maana njiti ya kiberiti ikitupwa juu ya dizeli baridi aghalabu huzimika, ilhali petroli huwaka kabla njiti haijaifikia. Na yeyote aliyeona la kwanza akadhani la pili ni lilelile, amefanya kosa ambalo mara nyingi halirudiwi.

Kanieneo ya hewa nayo ina neno lake hapa. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko hukandamiza kwa kilopaskali 85 hivi badala ya zile 101 za pwani. Pale ambapo hewa ni nyepesi, mvuke hupata nafasi mapema zaidi, na kanuni ya maabara huhesabu robo ya digrii kwa kila kilopaskali inayopungua. Kwa hesabu hiyo mafuta ya taa yanayomweka kwa nyuzi 38 katika maabara ya Mombasa au Dar es Salaam yatamweka kwa nyuzi 34 hivi kando ya Ziwa Kivu. Tofauti ya nyuzi 4 huonekana ndogo mpaka ikumbukwe kwamba dumu lililoachwa juani hupita joto la hewa inayolizunguka, na kwamba chini kidogo ya mji, katika bonde la Bugarama, joto la mchana huvuka nyuzi 30 mara kwa mara. Usalama ambao mafuta ya taa yanasifiwa nao ni wa kweli, ila nyanda za juu zimekwisha kuupunguza kabla mchuuzi hajagusa kitu.

Na mchuuzi akigusa, hali hubadilika kabisa. Katika Afrika ya Mashariki tofauti ya kodi imewafanya watu kuchanganya mafuta kwa miaka mingi, na Kenya mwaka 2018 iliongeza tozo juu ya mafuta ya taa hasa ili kuwazuia wanaoyatia katika dizeli. Uchanganyaji huo huharibu injini na hupunguza mapato ya serikali. Ule wa petroli na mafuta ya taa huua watu, na haulazimiki kutokana na ulafi, kwani dumu lililokuwa na petroli asubuhi likijazwa mafuta ya taa jioni bila kukaushwa hutenda kazi ileile. Petroli ya asilimia chache tu huliteremsha joto la mmweko la mafuta ya taa hadi chini ya joto la kawaida la chumba. Ajabu ni kwamba ndani ya taa mchanganyiko huo unaweza kuwa wa hatari kuliko petroli tupu, na sababu yake ndiyo sehemu ya pili ya elimu hii.

Mvuke haushiki moto kwa kuwapo tu. Huhitaji kuwa kati ya mipaka miwili. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa; chini ya hapo hautoshi, juu ya hapo oksijeni haitoshi. Watafiti huipata mipaka hiyo kwa kuingiza gesi na hewa kwa vipimo katika chupa kubwa ya kioo, kisha hupitisha cheche katikati na kutazama kama mwali unaiacha cheche na kupanda wenyewe, au unakufa pale ulipozaliwa. Katika koroboi, ile ambayo Wanyarwanda huiita agatadowa, nafasi iliyo juu ya mafuta ya taa safi ina mvuke mchache mno usioweza kuwaka. Petroli tupu ingeijaza nafasi hiyo mvuke mwingi kupita kiasi. Lakini mafuta ya taa yaliyotiwa petroli kidogo huiweka nafasi hiyo katikati kabisa ya mipaka, huku utambi unaowaka ukiwa umbali wa kidole kimoja. Dumu tupu hufuata hesabu hiyohiyo, kwani likiwa limejaa halina nafasi ya hewa, na likiwa limemiminwa hubaki na hewa na mvuke ulioganda ukutani, na fundi anayelichomelea bila kuliosha ni kama anayechomelea bomu. Lita moja ya petroli ikigeuka yote kuwa mvuke hutosha kukifanya chumba cha mita 2 kwa 2, chenye urefu wa mita 2 na nusu, kuwa tayari kuwaka pembe zote.

Mipaka hii haihusu mafuta peke yake, na wakazi wa Rusizi wana sababu ya pekee ya kuifahamu, kwa maana ziwa lao limebeba gesi. Katika vilindi vya Kivu, vinavyofika mita 485, zimeyeyuka kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, gesi inayowaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Kiwanda cha bia kule Rubona, karibu na Gisenyi, kilianza kuichoma methani hiyo tangu miaka ya 1960, na mtambo wa KivuWatt ulio Karongi, uliozinduliwa mwaka 2016, huzalisha umeme wa megawati 25 hivi kutokana nayo. Kaboni dioksidi, ambayo huzima moto, hulazimika kuoshwa kwa maji ili methani iweze kuwaka vizuri ndani ya injini. Kwa hiyo kipimo kilekile kinachomlinda mtu dhidi ya mlipuko ndicho kinachomwongoza mhandisi anayetafuta umeme. Wanaoogopa ziwa litawaka moto siku moja wanaogopa kisichofaa kuogopwa kwanza: katika ziwa Nyos nchini Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, watu zaidi ya 1,700 waliuawa na kaboni dioksidi iliyowakosesha pumzi, wala hapakuwa na moto. Maji yanayopita chini ya daraja la Rusizi I ni ya juu ya ziwa, na gesi ya vilindini haimo ndani yake.

Elimu ya methani ililipiwa na wachimba makaa ya mawe, ambao hukutana na gesi hiyo migodini. Humphry Davy alitengeneza taa yake ya usalama mwaka 1815, akiwa amegundua kwamba wavu mwembamba wa waya hunyonya joto la mwali na kuuzuia kutoka nje. Kisha tarehe 10 Machi 1906 huko Courrières, Ufaransa, watu 1,099 walikufa katika mlipuko ambao ulisambazwa na vumbi la makaa, na mwaka uliofuata watu 362 wakafa Monongah, Marekani. Baada ya misiba hiyo Marekani iliunda mwaka 1910 ofisi yake ya migodi, ambayo huko Bruceton ilichimba mgodi maalumu wa kulipuliwa kwa makusudi ili vipimo vichukuliwe. Namba zilizotajwa hapo juu hazikupatikana kwa kubahatisha.

Linabaki jambo la uzito. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hupaa na kupotea ikipewa upenyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 au 4, hivyo hutambaa ardhini kama maji, hufuata mitaro, huingia chini ya milango na kutuama katika vyumba vilivyo bondeni. Huko ukikutana na jiko la makaa au koroboi, moto hauanzii kwenye mafuta bali mahali mvuke ulipofika, kisha hurudi mbio kwenye chanzo. Cheche inayotosha kuuwasha ni ya nishati ya sehemu 3 hivi tu za 10 za milijuli, wakati ngozi ya mtu haihisi cheche ya umeme tuli mpaka ifikie karibu milijuli 1. Kwa maneno mengine, cheche ambayo kidole hakiihisi inatosha.

Mfano wa hayo uko katika njia ya Uvira. Kwa miaka mingi wasafiri wa Bukavu waliokwenda huko walizoea kuvuka hapa Rusizi I, wakashuka kwa barabara ya Rwanda hadi Bugarama, kisha wakarudi Kongo kwa Kamanyola, ili kuepa njia mbaya ya milima ya Ngomo. Kutoka Kamanyola barabara hunyooka katika uwanda wa Ruzizi, na kabla ya Uvira hupita katika kijiji cha Sange. Hapo, jioni ya Ijumaa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lililotokea Tanzania lilipinduka katikati ya makazi. Watu walitoka na vyombo kuchota, wengine walikuwa wamekusanyika katika vibanda kutazama mechi ya Kombe la Dunia, na wengine walikuwa majumbani mwao tu, katika nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi. Moto ulipowaka ulichukua watu zaidi ya 230, watoto wengi miongoni mwao, na waliozikwa walizikwa katika makaburi ya pamoja.

Waliokufa wakiwa ndani ya vibanda hawakuchota tone. Hilo ndilo linalopaswa kusemwa kila yanapotokea maafa ya namna hii, kwa sababu mazoea ya kuwalaumu waliochota, kwamba ni tamaa yao, huficha kwamba mafuta yaliyomwagika huwafuata hata wasioyataka. Sachangwan karibu na Molo, Kenya, tarehe 31 Januari 2009, na Msamvu mjini Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, kila pahali palipoteza watu zaidi ya 100 kwa namna ileile: lori chini, vyombo mkononi, mvuke usioonekana miguuni. Umaskini huwavuta watu kwenye mafuta, lakini mara nyingi hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao kwamba harufu wanayoinusa ndiyo yenyewe inayowaka.

Vilipuzi halisi, yaani baruti na jamii yake, hutofautiana na mafuta kwa kuwa vimebeba oksijeni yao ndani na havingoji hewa. Kwa hiyo hupimwa kwa njia nyingine: uzito huangushwa juu ya chembe ndogo ya kilipuzi kutoka kimo kinachoongezwa hatua kwa hatua, chembe nyingine husuguliwa kati ya kigae na kijiti cha kauri, nyingine hupashwa joto ndani ya mrija wa chuma, na matokeo hulinganishwa na mwongozo wa majaribio uliotolewa na Umoja wa Mataifa ili ijulikane kilipuzi kisafirishwe vipi na kikae na nini. Baruti ya mizinga huhitaji kupimwa hata ikiwa imelala ghalani, maana huchakaa polepole, na dawa inayotiwa ndani yake ili kuituliza hupungua mwaka hadi mwaka, haraka zaidi penye joto. Dar es Salaam ilijifunza uzito wa maghala ya silaha kukaa jirani na makazi tarehe 29 Aprili 2009 huko Mbagala na tena tarehe 16 Februari 2011 huko Gongo la Mboto, ambako kila tukio liliua watu wasiopungua 20. Kanuni ya umbali, ambayo Mwingereza Bertram Hopkinson aliieleza mwaka 1915, husema kwamba mtu akisogea mbali mara 2, huhitajika baruti ya uzito mara 8 ili apigwe kwa nguvu ileile. Umbali, kwa hiyo, ndiyo kinga iliyo rahisi kuliko zote, na miji inayokua hadi kwenye uzio wa ghala huila kinga hiyo nyumba kwa nyumba.

Kuhusu vitu vigumu, kama vitambaa na magodoro, kipimo kinachoeleweka upesi ni kile kinachouliza kitu kinahitaji oksijeni kiasi gani ili kiendelee kuwaka. Hewa ina asilimia 21 ya oksijeni. Pamba, na kwa hiyo kitenge, huendelea kuwaka hata penye asilimia 18 hivi. Sponji ya godoro karibu hivyo hivyo. Sufu hudai 25, ndiyo maana huzimika yenyewe. Katika mitaa ya Kadutu mjini Bukavu, ambako nyumba za mbao zimesongamana mlimani, godoro moja lililoshika moto halihitaji msaada wa upepo.

Wenye mamlaka juu ya viwango wapo pande zote mbili za mto: Rwanda ina bodi yake ya viwango, Kongo ina ofisi yake ya ukaguzi, na tangu mwaka 2022 nchi zote mbili zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mafuta yanayoingia kwa malori hupimwa. Yanayouzwa kwa chupa na bidoni na wale wachuuzi wa kando ya barabara ambao miji ya Kongo imewapa jina la Kadhafi, hayapimwi na yeyote, nayo ndiyo yanayoingia vyumbani. Kikombe cha shaba kimoja katika kila mpaka, pamoja na rangi moja ya kifuniko kwa kila aina ya mafuta iliyokubaliwa Kamembe na Bukavu, vingegharimu kidogo sana kuliko mazishi ya mara moja, na vingemwondolea mnunuzi mashaka ya neno petroli.

Hadi hilo lifanyike, anayenunua alitumie dumu la mafuta ya taa kwa mafuta ya taa tu. Anayejaza petroli alishushe dumu chini ardhini badala ya kulijazia juu ya pikipiki, na azime injini. Na anayeliona lori la mafuta limelala barabarani awachukue watoto, aelekee upande unakotoka upepo, apande mahali pa juu kuliko lori, asisimame kabla ya mita 300, na kama moto umekwisha kulishika tangi, kabla ya mita 800.